Hedhi ya damu nyingi: Jinsi ya kuitambua na wakati wa kumwona daktari

KATIKA nyumba nyingi, msichana anapolalamika kwamba hedhi yake inamtoa damu kupita kiasi, jibu analopewa ni moja: avumilie, kwa kuwa mama yake alikuwa hivyo, na nyanya yake vivyo hivyo. Jibu hilo hutolewa kwa nia njema, na mara nyingi humtuliza. Lakini kwa daktari, maneno hayo hayo yaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba kuna maradhi yanayorithiwa katika ukoo huo, na kwamba mama na nyanya nao walistahili kutibiwa.

Hedhi ya damu nyingi ni miongoni mwa matatizo yanayowapeleka wanawake wengi kwa madaktari wa magonjwa ya wanawake kote ulimwenguni. Hata hivyo, wanaofika hospitalini ni sehemu tu ya wanaoumia. Wapo wanaoona haya kulizungumzia jambo hili, wapo wanaoamini kwamba kuumia ni sehemu ya kuwa mwanamke, na wapo wasiojua damu ikifika kiwango gani huwa imepita kiasi. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, na katika suala hili msemo huo una uzito wake.

Kiasi cha kawaida

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa na damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Kwa mwanamke mzima, mzunguko wa kawaida huwa kati ya siku 24 na 38, na damu haipaswi kutoka kwa zaidi ya siku nane. Katika siku hizo zote, wanawake wengi hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 za damu, yaani vijiko vikubwa viwili au vitatu tu.

Kwa miaka mingi watafiti walichukulia kwamba anayepoteza zaidi ya mililita 80 katika hedhi moja ana tatizo, kwa sababu kuanzia kiwango hicho miili ya wengi hushindwa kurudisha madini ya chuma yanayopotea pamoja na damu. Lakini nyumbani hakuna anayepima hedhi yake kwa mililita. Kwa hivyo, mwongozo wa matibabu uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2007 uliwataka madaktari watumie kigezo kingine: hedhi ni nzito iwapo wingi wa damu unaathiri afya ya mwanamke, hisia zake, shughuli zake au maisha yake pamoja na wenzake. Maana yake ni kwamba neno la mwanamke mwenyewe ndilo ushahidi wa kwanza.

Zifuatazo ni dalili zinazoonyesha kwamba hedhi imepita kiasi:

- Sodo kulowa kabisa baada ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo.
- Kulazimika kutumia sodo mbili kwa pamoja, au sodo na kitambaa.
- Kuamka usiku ili kubadilisha, au kuchafua matandiko mara kwa mara.
- Kutokwa na mabonge ya damu yenye upana wa takriban sentimita 2.5 au zaidi, karibu na ukubwa wa sarafu ya shilingi 20.
- Damu kutoka kwa zaidi ya siku nane.
- Kukosa shule, kazi, ibada au safari kwa kuhofia kuchafuka.
- Uchovu usioisha, kizunguzungu au kuhema unapopanda kilima kidogo.

Kuhesabu kwa alama

Mwaka 1990, madaktari wa London walichapisha njia nyepesi ya kukadiria damu ya hedhi, ambayo mwanamke yeyote mwenye kalamu na karatasi anaweza kuitumia. Kila sodo yenye madoa kidogo hupewa alama 1, iliyolowa kiasi hupewa alama 5, na iliyolowa kabisa hupewa alama 20. Bonge dogo la damu huongeza alama 1, na bonge kubwa alama 5. Jumla ikifika 100 au zaidi katika hedhi moja, yaelekea damu hiyo ni nyingi kupita kiasi.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyetumia sodo tatu zilizolowa kabisa, sita zilizolowa kiasi na nne zenye madoa, kisha akatokwa na mabonge mawili makubwa. Hesabu yake ni 60, kisha 30, kisha 4, kisha 10. Jumla ni 104, na mwanamke huyo anafaa kumwona daktari.

Idadi ya sodo pekee, hata hivyo, yaweza kupotosha. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bila malipo. Hata hivyo, si kila mwanamke anayemudu kubadilisha kila anapohitaji. Anayekaa na sodo moja kutwa nzima kwa sababu ya bei hawezi kusemekana kuwa ana damu kidogo. Kwake yeye, na kwa anayetumia vitambaa, la muhimu ni kuangalia jinsi ilivyolowa na muda uliopita kabla ya damu kupenya hadi kwenye nguo. Anayetumia kikombe cha hedhi ana nafuu, kwani vikombe vingi vina mistari ya kupimia.

Andika kumbukumbu hizi kwa miezi miwili au mitatu: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, alama za kila siku na maumivu. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, mazungumzo na daktari huwa mepesi. Lakini kama tayari umedhoofika, usisubiri miezi ipite. Nenda kwanza, kumbukumbu zifuate.

Kinachosababisha

Sababu za hedhi nzito ni nyingi, na tiba hutegemea sababu. Baadhi zimo ndani ya mfuko wa uzazi wenyewe. Inayojulikana zaidi ni vivimbe vya fibroidi, ambavyo huwapata wanawake wenye asili ya Kiafrika mapema zaidi na kwa wingi zaidi kuliko wengine. Fibroidi si saratani, na nyingi hazileti dhara lolote. Zinazosababisha damu nyingi aghalabu ni zile zinazochomoza ndani ya mfuko wa uzazi. Vipo pia vinyama vidogo vinavyoota kwenye utando wa ndani, na hali ambapo tishu za utando huo hupenya ndani ya misuli ya mfuko wa uzazi na kuufanya uvimbe na kuuma.

Sababu nyingine ni kuvurugika kwa homoni. Yai lisipopevuka, utando wa mfuko wa uzazi huendelea kuwa mnene bila mpangilio, kisha hubomoka kwa damu nyingi. Hali hii huwapata hasa wasichana katika miaka ya kwanza tangu kuvunja ungo, wanawake wanaokaribia ukomo wa hedhi, na wenye vifuko vingi vidogo kwenye ovari. Ugonjwa wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni waweza pia kuvuruga hedhi.

Njia za kupanga uzazi nazo hazifanani. Koili ya shaba huongeza damu na maumivu kwa baadhi ya wanawake, hasa miezi ya mwanzo. Sindano ya miezi mitatu na vipandikizi vya mkononi huweza kuleta damu isiyo na mpangilio, ingawa wengi wanaotumia sindano kwa muda mrefu hatimaye hupata damu kidogo au kukosa hedhi kabisa. Dawa za kuzuia damu kuganda, wanazopewa wagonjwa wa moyo au waliowahi kupata mabonge ya damu mishipani, pia huongeza hedhi. Usiache dawa hizo bila ushauri. Mweleze daktari aliyekuandikia.

Aidha, damu inayodhaniwa kuwa ni hedhi huenda isiwe hedhi. Yaweza kuwa ni mimba inayoharibika, mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, au dalili ya saratani ya mlango wa uzazi au ya utando wa mfuko wa uzazi. Ndiyo maana kipimo cha mimba huwa miongoni mwa vya kwanza, hata kwa anayeamini kwamba hana mimba.

Maradhi ya ukoo

Sababu inayosahaulika zaidi ni kasoro katika kuganda kwa damu. Ya kawaida kuliko zote kati ya zile zinazorithiwa ni ugonjwa wa von Willebrand, unaotokana na upungufu au udhaifu wa protini inayosaidia chembe za damu kushikana pale mshipa unapojeruhiwa.

Ugonjwa huo una jina la Erik von Willebrand, daktari wa Finland. Mwaka 1924, alichunguza msichana wa miaka mitano kutoka visiwa vya Åland, ambaye watu wengi wa ukoo wake walikuwa wakitokwa na damu kupita kiasi. Mwaka 1926 daktari huyo alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, akionyesha kwamba, tofauti na himofilia iliyojulikana kuwapata zaidi wanaume, huu ulipatikana kwa wanaume na wanawake. Msichana yule alivunja ungo, na akafariki akiwa na umri wa miaka 13 kutokana na hedhi yake ya nne.

Leo hii kuna dawa, na hakuna msichana anayepaswa kufa kifo kama hicho. Lakini lazima kwanza mtu ashuku. Mweleze daktari iwapo hedhi yako imekuwa nzito tangu ile ya kwanza kabisa, na iwapo wewe au jamaa zako hupata lolote kati ya haya: kutokwa na damu puani mara kwa mara, alama za kuvilia damu mwilini bila kugongwa, damu kutokoma haraka baada ya kung'olewa jino, au damu nyingi kupita kiasi baada ya kujifungua au kufanyiwa upasuaji. Nchini Kenya, Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret huhudumia wagonjwa wenye kasoro za kuganda kwa damu.

Dhara lisiloonekana

Dhara kubwa la hedhi nzito halionekani kwenye sodo. Kila mwezi mwili hupoteza madini ya chuma, ambayo huhitajika ili kutengeneza damu nyekundu. Chakula kisipoyarudisha, akiba huisha, na hatimaye upungufu wa damu huingia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu iwapo himoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa kila desilita. Ikishuka chini ya gramu 8, upungufu huo ni mkali.

Kwa kuwa kupungua huku huja polepole, mwili huzoea na mwenyewe huzoea. Mwanafunzi asiyeweza kumakinika darasani huitwa mvivu. Mama anayechoka kabla ya adhuhuri hudhani ni umri. Nywele hukatika, kucha huvunjika, moyo hudunda kwa kasi, na kichwa huuma.

Ipo ishara nyingine ambayo wengi hawaihusishi na damu: hamu ya kula udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni kwa jina la odowa. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wajawazito katika Pwani ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 1998, uliona uhusiano kati ya kula udongo na upungufu wa madini ya chuma. Ukijikuta una hamu hiyo isiyozuilika, usijilaumu wala usimcheke mwenzako, kapimwe damu. Isitoshe, katika maeneo yenye malaria na minyoo, matatizo hayo huongeza upungufu ulioletwa na hedhi.

Wakati wa kwenda hospitalini

Nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, iwapo:

- Unalowanisha sodo nzima kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo.
- Umezirai, au unahisi kuzirai unaposimama.
- Moyo unakwenda mbio, unahema ukiwa umeketi, au kifua kinauma.
- Una mimba au huenda una mimba, na unatokwa na damu.
- Una maumivu makali ya tumbo, au homa pamoja na damu hiyo.

Panga kumwona daktari katika siku chache zijazo iwapo hedhi yako ina dalili zilizotajwa awali, iwapo unatokwa na damu kati ya hedhi moja na nyingine, au baada ya tendo la ndoa. Mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi kutokana na umri, kisha akaona damu hata tone moja, asiseme ujana umemrudia. Hiyo si hedhi, na ni lazima achunguzwe. Vivyo hivyo kwa aliyevuka miaka 45 ambaye hedhi yake imebadilika ghafla na kuwa nzito.

Utakayoyakuta hospitalini

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe ni mahali pema pa kuanzia, kwani huko waweza kuanza kwa kupimwa himoglobini na mimba. Picha ya ultrasaundi kwa kawaida hupatikana katika hospitali za kaunti ndogo, yaani za Level 4, na za kiwango cha juu zaidi.

Daktari atakuuliza kuhusu mzunguko wako, uzazi, dawa unazotumia na historia ya ukoo. Vipimo vya damu vitaonyesha himoglobini, na ikiwezekana akiba ya madini ya chuma, ambayo yaweza kuwa imekwisha hata kabla ya himoglobini kushuka. Ultrasaundi hutafuta fibroidi na kasoro nyingine. Kwa msichana ambaye hajaanza mahusiano, kipimo hicho hufanywa juu ya tumbo, na hakuna haja ya kumchunguza ukeni. Wanawake waliovuka miaka 45 huenda wakatolewa kipande kidogo cha utando wa mfuko wa uzazi ili kichunguzwe kwenye maabara.

Tiba zilizopo

Wengi huogopa hospitali wakidhani kwamba wataambiwa watolewe mfuko wa uzazi. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo hatua ya mwisho, na wengi hawaifikii.

Dawa iitwayo asidi ya traneksamiki, iliyovumbuliwa na wanasayansi wa Japani Utako Okamoto na mumewe Shosuke na kutangazwa mwaka 1962, husaidia damu iliyoganda isiyeyuke upesi. Humezwa katika siku za damu nyingi pekee, na yaweza kupunguza damu kwa karibu nusu. Haiwafai waliowahi kupata mabonge ya damu katika mishipa ya miguu au mapafu. Ibuprofeni na asidi ya mefenamiki hupunguza damu kwa kiasi na maumivu pia, lakini hazimfai mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye kasoro ya kuganda kwa damu. Aspirini iepukwe, kwa kuwa huweza kuongeza damu.

Koili yenye homoni, ambayo ni tofauti na ile ya shaba, hutajwa kuwa miongoni mwa tiba zenye nguvu zaidi. Hukaa katika mfuko wa uzazi kwa miaka kadhaa, na uwezo wa kushika mimba hurudi inapotolewa. Vidonge vya homoni navyo hutumika. Wazazi wengi hushtuka binti yao anapoandikiwa vidonge wanavyovijua kuwa vya kupanga uzazi. Wanapaswa kuelewa kwamba hapa ni tiba ya kuzuia damu, na kwamba vidonge hivyo havimwondolei binti uwezo wa kuzaa baadaye.

Pale fibroidi zinapokuwa ndizo chanzo, zinaweza kutolewa kwa upasuaji huku mfuko wa uzazi ukibaki. Kabla ya kukubali upasuaji wowote, mweleze daktari iwapo ungali unataka watoto, na umwulize ni njia zipi nyingine zilizopo.

Pamoja na tiba ya chanzo, upungufu wa damu nao hutibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivi hufanya kinyesi kiwe cheusi, na hilo halina hatari. Huendelea kumezwa kwa takriban miezi mitatu baada ya himoglobini kurudi sawa ili akiba ijae tena. Kosa la wengi ni kuacha mara tu wanapopata nguvu.

Chakula kina nafasi yake. Maini, nyama na samaki hutoa madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Maharagwe, ndengu, kunde na mboga kama managu na terere husaidia pia, hasa zikiliwa pamoja na machungwa, mapera au ndimu. Kinyume chake, chai na kahawa huzuia mwili kupokea madini hayo. Basi kikombe cha chai kisiandamane na mlo wala vidonge. Kisubiri saa moja au mbili. Hata hivyo, chakula pekee hakitoshi kwa aliyekwisha kupungukiwa na damu, wala sharubati ya biti haiwezi kuchukua nafasi ya dawa.

Mzazi au mlezi anayesoma haya ana jukumu jepesi lakini zito. Binti akisema damu ni nyingi, aulizwe ni sodo ngapi, zimelowa vipi na kwa siku ngapi. Naye mama akikumbuka kwamba yeye mwenyewe aliteseka vivyo hivyo, asiitumie kumbukumbu hiyo kumnyamazisha mtoto. Afunge safari naye hadi hospitalini, amweleze daktari yaliyompata yeye na mamaye, na ikibidi wapimwe wote wawili.